Tuiachie kompyuta ichore nyumba za mji wetu?

Swali la msomaji: "Sisi ni kikundi cha vijana 12 wa Pangani, mkoani Tanga. Tumepata picha za droni za mji wetu pamoja na Bweni, ng'ambo ya mto, ambazo pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni sawa na sentimita 7 za ardhi. Tunataka nyumba zote zionekane katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ili kamati ya maafa ijue ni zipi zilizo karibu na maji. Mwenzetu mmoja anasema akili mnemba inaweza kuchora mji mzima kwa usiku mmoja, na kesho yake tukapandisha. Mwingine anasema tuchore kwa mkono, nyumba moja baada ya nyingine, kama walivyofanya wenzetu wa Dar es Salaam. Tumsikilize nani?"

Ndugu msomaji, iachieni kompyuta ichore, lakini msiiache ipandishe. Kati ya mambo hayo mawili ipo kazi ya uhakiki ambayo mwenzenu wa kwanza hakuitia katika hesabu, na ambayo mwenzenu wa pili huifanya kila siku bila kuipa jina, kwa sababu anayechora kwa mkono huamua na kuchora kwa wakati mmoja: jicho lake likishatambua kwamba lile ni banda la kuku na hili ni jiko la uani, mkono hufuata. Mashine huchora bila kuamua. Kinachookolewa ni mwendo wa mkono tu. Uamuzi unabaki palepale, na lazima awepo mtu wa kuufanya.

Ili mjue pa kuiamini na pa kuihofia, inafaa kwanza kuelewa inachokifanya. Modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa mifano, hupewa picha iliyokatwa vipande vya mraba, mara nyingi vya pikseli 256 kwa 256, na kwa kila pikseli hutoa namba kati ya 0 na 1 inayoeleza ni kwa kiasi gani pikseli hiyo inafanana na zile za paa ilizoonyeshwa wakati wa kufundishwa. Mtu huweka kizingiti, tuseme 0.5, pikseli zilizo juu yake huhesabiwa kuwa jengo, zilizo chini huachwa. Madoa yanayopatikana huzungushiwa mstari, na mstari huo, ambao mwanzoni umejaa vidato vidogovidogo kwa kuwa unafuata kingo za pikseli, hunyooshwa ili nyumba yenye pembe nne isibaki na nodi, yaani vitone vya kona, 60. Njia inayotumika sana kunyoosha ni ile iliyochapishwa na David Douglas na Thomas Peucker mwaka 1973, miaka mingi kabla akili mnemba haijawa gumzo: ncha mbili za mstari huunganishwa kama kwa kamba iliyovutwa, hutazamwa nodi iliyo mbali zaidi na kamba hiyo, na ikiwa umbali wake ni mdogo kuliko kiasi kilichoruhusiwa, nodi zote za katikati hutupwa. Katika safari yote hiyo hakuna mahali ambapo mashine imejiuliza nani anaishi humo.

Modeli nyingi za kazi hii ni za ukoo wa U-Net, iliyotolewa mwaka 2015 na Olaf Ronneberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Haikutengenezwa kwa ajili ya ramani. Ilitengenezwa kutenganisha seli katika picha za hadubini, na tatizo lililowasumbua watafiti wale lilikuwa seli mbili zinazogusana kutoka kama seli moja. Walilikabili kwa kuiadhibu modeli vikali zaidi ilipokosea katika ukanda mwembamba ulio kati ya seli na seli. Mtu yeyote aliyewahi kutazama Manzese au Tandale kutoka juu atalitambua tatizo hilo mara moja, kwa sababu bati la nyumba hii linapanda juu ya bati la nyumba ile, na uchochoro wa kupita mtu mmoja kwa ubavu hauonekani kabisa. Watafiti wa Google waliotengeneza data ya majengo ya Afrika waliitumia kanuni hiyohiyo ya kuzipa uzito zaidi pikseli zilizo kati ya jengo na jengo, na zipo modeli nyingine zinazofundishwa kuutambua mpaka wa paa kama kundi la peke yake, mbali na paa lenyewe. Hatua hizo husaidia sana, ila hazimalizi tatizo, maana pasipo na nafasi inayoonekana katika picha hakuna hesabu itakayoiumba.

Nataka niwaoneshe kwa karibu. Chukueni nyumba moja ya kawaida ya Kiswahili, ya vyumba sita na ukumbi katikati, kibaraza mbele na uani nyuma. Mwenye nyumba alipata fedha akabadilisha bati za upande wa kulia. Za kushoto zimebaki na kutu yake ya miaka 20. Uani kuna jiko lililoezekwa kwa makuti, choo kisicho na paa, na kipande cha bati kilichoegemezwa ukutani ili mtu afulie kivulini. Kutoka angani mashine itaona paa jeupe linalong'aa na paa la hudhurungi, na isipofundishwa mifano ya namna hiyo itawachorea nyumba mbili zilizoshikana. Makuti ya jiko yana rangi ya udongo, kwa hiyo huenda lisichorwe. Choo hakina paa, kwa hiyo hakipo. Bati la kufulia ni bati, kwa hiyo litachorwa. Nyumba moja yenye jiko na choo imekuwa nyumba mbili na kibanda kisichokuwepo, na jirani yake, ambaye upenu wake umegusana na bati jipya, ameunganishwa nayo. Kamati ya maafa ikizidisha idadi ya maumbo kwa wastani wa watu wa kaya moja itapata namba, tena namba yenye tarakimu za kutosha kuaminika, lakini haitakuwa idadi ya watu wa mtaa ule.

Niliwahi kukabidhiwa uhakiki wa kata moja ambayo maumbo yake yote yalikuwa yametoka kwenye mashine na kupandishwa kwa siku moja na kikundi kilichokuwa na nia njema kabisa. Nilipofungua ramani niliona mji mzuri, nyumba zimejaa, na kwa muda wa dakika tano nilifurahi. Kisha nikaona kwamba barabara kuu inapita juu ya vibaraza vya upande mmoja, na kwamba upande wa pili umeachiwa uwanja mpana usiokuwepo. Kata nzima ilikuwa imehama kuelekea mashariki. Kilichoniuma zaidi ni kwamba chini ya maumbo mapya yalikuwepo majengo yaliyochorwa miaka kadhaa nyuma na wanafunzi waliopita mtaa kwa mtaa, yenye majina ya maduka, zahanati na misikiti. Sasa kila moja lilikuwa na pacha wake lisilo na jina, limelala juu yake kwa mshazari. Kufuta kulituchukua muda mrefu kuliko ambavyo kuchora kwa mkono kungetuchukua, kwa sababu mtu hawezi kufuta kwa mkupuo pale ambapo kazi ya mwenzake imechanganyika na kazi ya mashine.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, hata kabla ya kuzungumzia modeli, ni kuiweka picha mahali pake. Droni ya kawaida hujua ilipo kwa makosa ya mita moja, mbili au zaidi, na picha zikiunganishwa bila alama za ardhini, mosaiki nzima, yaani ile picha moja kubwa iliyounganishwa, inaweza kuhama au kujikunja kidogo pembezoni. Muulizeni aliyewapa picha kama aliweka alama ardhini na kuzipima kwa kifaa cha usahihi mkubwa. Kama hakuweka, nendeni kwa mpima wa halmashauri mkaombe viwianishi, yaani namba za mahali, vya bikoni (alama za mipaka ya viwanja) mbili tatu zinazoonekana katika picha, au tafuteni kona ya ukuta wa zamani ambayo haijahama, mkaipime. Mkishajua picha imehama kiasi gani na kuelekea wapi, irekebisheni mara moja kabla ya umbo lolote kuchorwa, na kila mtu katika kikundi atumie picha iliyorekebishwa. Kosa la picha hurithiwa na kila umbo linalotoka humo.

Hapa mna bahati kuliko wanaotumia picha za setilaiti. Setilaiti mara nyingi hupiga ikiwa imeinama, hivyo jengo refu huonekana limelala ubavu na paa lake huanguka mbali na msingi. Nyumba ya mita 6 kwenda juu, ikipigwa kwa mwinamo wa nyuzi 25, paa lake litaonekana karibu mita 2.8 mbali na mahali kuta zinaposimama. Picha za droni zilizopigwa kwa mapito yanayopishana na kunyooshwa vizuri hupunguza sana tatizo hilo, ingawa upenu utaendelea kuwadanganya: kinachochorwa ni ukingo wa paa, na katika nyumba za pwani upenu unaweza kutoka nusu mita hadi mita moja nje ya ukuta. Kwa ramani ya tahadhari ya mafuriko hilo si kosa la kukosesha usingizi. Kwa mgogoro wa kiwanja ni kosa kubwa, na ndiyo sababu mnapaswa kuwaambia wananchi mapema kwamba michoro hii si hati ya mtu yeyote.

Ubora wa picha nao una mtego wake. Pikseli ya sentimita 7 inapendeza, lakini kipande cha pikseli 256 kwa kipimo hicho kinafunika mita 18 tu za ardhi, yaani eneo ambalo nyumba moja ndefu inaweza kulijaza lote. Modeli ikipewa kipande ambacho ndani yake hakuna chochote isipokuwa mistari ya bati haina namna ya kujua kama hilo ni paa, ua uliofunikwa au kontena. Punguzeni ubora wa nakala mtakayoilisha mashine hadi pikseli ya sentimita 15 au 30. Kwa sentimita 30 kipande hichohicho kinafunika takriban mita 77, na ndani yake mnapata nyumba, njia, kivuli na mti, vitu vinavyosaidiana kutambulika. Picha yenye ubora wote ibakizeni kwa macho ya mhakiki.

Pengine mtauliza kwa nini mchoke wakati data ya majengo ipo tayari. Ni kweli ipo. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilitoa bure michoro ya majengo ya Tanzania na Uganda, karibu milioni 18 kwa jumla, ambayo zaidi ya milioni 11 ni ya Tanzania. Mwaka 2021 Google, kupitia kazi iliyoongozwa na kituo chake cha utafiti cha Accra, ilitoa michoro milioni 516 ya bara la Afrika iliyotokana na picha za setilaiti zenye pikseli ya sentimita 50, na toleo la 2023 lilifikisha michoro bilioni 1.8 kwa kuongeza sehemu za Asia, Amerika ya Kilatini na Karibi. Data ya Google huambatanisha kila umbo na alama ya uhakika, na watumiaji wengi huipuuza safu hiyo ilhali ndiyo yenye faida kubwa. Ipakueni, iwekeni chini ya picha yenu, na muitumie kama kipimo cha kutafuta mapengo: palipo na umbo lao na nyinyi hamna, kuna jambo la kutazama, na palipo na nyumba yenu na wao hawana, huenda nyumba ni mpya au imefichwa na mnazi. Sishauri mwipandishe yenyewe. Picha yenu ni mpya kuliko yao na ni kali mara saba kwa kila upande, na itakuwa ajabu mtu mwenye darubini kuazima macho ya asiye nayo.

Sasa mafunzo ya modeli yenyewe. Modeli iliyofundishwa kwingine, hata ikisifiwa vipi, haijawahi kuliona paa la makuti chini ya minazi. Mnatakiwa kuifundisha upya kidogo kwa mifano ya hapo Pangani, na siku hizi hilo haliwahitaji kuwa wahandisi: jukwaa la fAIr, lililoanzishwa na Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika linalochora ramani kwa ajili ya misaada na maafa, humwezesha mchora ramani kuchagua eneo dogo, kuchora majengo yake kwa uangalifu, kuifundisha modeli kwa mifano hiyo, kisha kupendekezewa maumbo ya eneo la jirani. Kinachoamua matokeo ni mifano. Msichukue mtaa mmoja ulionyooka mkadhani umetosha. Chukueni vipande vidogo kutoka sehemu zisizofanana: majumba ya kale ya mawe kando ya mto, mitaa ya bati iliyosongamana, nyumba za makuti mashambani, na ufukwe wenye mashua zilizopandishwa juu, ili modeli ijifunze pia kisichokuwa jengo. Ndani ya kila kipande chora kila jengo pasipo kuacha hata moja, kwa sababu jengo mlilolisahau linaifundisha mashine kwamba paa la namna hiyo ni ardhi tupu. Katika shindano la Open Cities AI la mwaka 2020, lililotumia picha za droni za miji ya Afrika pamoja na Dar es Salaam na Zanzibar, waandaaji waliigawa data ya mafunzo katika madaraja mawili kwa ubora wa michoro yake, maana walijua kwamba mifano iliyochorwa ovyo si sawa na mifano iliyochorwa kwa makini, hata ikiwa mingi kiasi gani.

Kabla hamjachora mfano wa kwanza, kubalianeni kwa maandishi jengo ni nini. Neno ni jepesi mdomoni. Lakini je, pagale lililofika kwenye linta na kuachwa mpaka nyasi zikaota ndani ni jengo? Msingi uliomwagwa zege bila tofali hata moja? Gofu la kale lisilo na paa? Shindano lililofanyika mwaka 2018 kwa kutumia picha za Unguja na Pemba, ambazo nazo zilikuwa na pikseli ya sentimita 7, liliyagawa majengo katika makundi matatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na misingi. Mgawanyo huo unaifaa sana nchi yetu, ambako watu hujenga kwa awamu kadiri fedha inavyopatikana, na ambako pagale la leo ni nyumba ya watu saba mwakani. Kwa shabaha yenu ya mafuriko ningeyachora mapagale lakini ningeyawekea lebo ya ujenzi unaoendelea, ili yasihesabiwe kuwa na watu.

Mtakapomaliza kufundisha, programu itawapa alama, na hapo ndipo watu wengi hulaghaiwa. Alama ya kawaida hupatikana kwa kuchukua eneo ambalo umbo la mashine na umbo la kweli yanapishana, kisha kuligawa kwa eneo lote linalofunikwa na maumbo hayo mawili. Mara nyingi ikizidi 0.5, umbo huhesabiwa kuwa sahihi. Fanyeni hesabu pamoja nami. Nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 80. Mashine imeichora kwa ukubwa uleule lakini imeisogeza mita 3 kwa urefu wake. Eneo la kupishana ni 7 mara 8, yaani 56. Eneo lote ni 80 jumlisha 80 toa 56, yaani 104. Alama ni 0.54. Imefaulu, na huku ukuta wake umesimama katikati ya njia ya jirani. Choo cha mita 2 kwa 2 kilichosogezwa mita moja tu kinapata 2 kwa 6, yaani 0.33, nacho kinahesabiwa kuwa kimekosekana. Kipimo hicho huyahurumia majumba makubwa na kuyaonea mabanda.

Pamoja na alama hiyo, basi, hesabuni wenyewe mambo mawili katika vipande ambavyo modeli haikufundishwa navyo: kati ya maumbo 100 iliyochora, mangapi kweli ni majengo, na kati ya majengo 100 yaliyopo, mangapi imeyapata. Mkipandisha kizingiti, la kwanza hupanda na la pili hushuka. Kwa kazi yenu ningeliacha la pili liwe juu hata kwa gharama ya takataka kidogo, kwa kuwa kufuta mashua iliyodhaniwa nyumba ni kazi ya kubofya mara moja, ilhali nyumba iliyorukwa hakuna anayeiona.

Uhakiki wenyewe ufanyeni kwa vipande, kila kipande mtu mmoja, na kila umbo likubaliwe au likataliwe na jicho la mtu kabla ya kuingia kwenye ramani. Muwe na hakika kwamba umbo la jengo lililokwisha chorwa na mtu halifunikwi: kama la zamani ni baya, rekebisheni nodi zake ili jina na historia yake vibaki, msilifute na kuweka jipya. Nyumba zenye pembe mraba zinyoosheni kwa kitufe cha kunyoosha pembe, ambacho katika JOSM, programu ya kuhariri OpenStreetMap, ni herufi Q, lakini msikibonyeze kwa maumbo yote kwa pamoja. Nyumba ya msonge ikinyooshwa pembe hupotea kabisa, na nyumba za kale zilizofuata mkunjo wa njia zina pembe ambazo fundi wake hakuzikusudia kuwa nyuzi 90. Paa moja linalofunika nyumba mbili litenganisheni pale mnapojua ukuta ulipo. Msipojua, acheni umbo moja na mliandikie alama ya kwenda kutazama.

Kuhusu taratibu nitasema kwa ufupi. OpenStreetMap hutofautisha mtu anayekubali pendekezo moja moja na mtu anayepandisha data kwa wingi. Huyu wa pili anatakiwa kuueleza mpango wake kwa maandishi, kuujadili na jumuiya ya wachora ramani wa nchi husika, na kutumia akaunti maalumu ili kazi yake iweze kutenguliwa ikibidi. Mkifuata njia niliyoieleza mko upande wa kwanza, lakini waandikieni wachora ramani wa Tanzania hata hivyo, maana huenda kuna mtu anayeichora Pangani tayari. Hakikisheni pia kwamba mwenye picha ametoa ruhusa ya maandishi zitumike kuchorea ramani huria. Kuwa nazo kwenye kompyuta si ruhusa. Na mkitaka kuziweka picha zenyewe hadharani, kumbukeni kwamba kwa sentimita 7 ua wa mtu unaonekana, na nguo zilizoanikwa, na aliyekaa kivulini. Umbo la paa halimvunjii mtu heshima, ila picha ya uani kwake inaweza, kwa hiyo zungumzeni kwanza na wenyeviti wa vitongoji.

Wenzenu wa Dar es Salaam mliowataja, yaani wale wa mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, walitumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa, na thamani ya ramani yao haikutoka katika maumbo ya nyumba peke yake. Walipita na karatasi zilizochapwa wakaandika mitaro, vivuko vya maji na mahali ambapo maji husimama mvua zikinyesha. Hilo ndilo mtakalolifanya kwa siku ambazo mashine imewaokolea. Chapeni kila kitongoji kwenye karatasi, mpite na mtu mzima anayepajua, muulize maji ya mafuriko makubwa yalifika wapi ukutani, na mpime kwa futi kamba kimo cha msingi kutoka ardhini. Nyumba mbili zenye paa linalofanana kabisa, moja imeinuliwa kwa ngazi tatu na nyingine iko sawa na njia, hazina hatari sawa, na kutoka angani hakuna modeli itakayowatofautishia.

Anzeni na Bweni, kwa sababu ni ndogo na nyumba zake zina nafasi. Wawili wenu wachore kipande kimoja kwa mkono, wawili wengine wahakiki maumbo ya mashine katika kipande kinachofanana nacho, na mpime kwa saa. Kisha rudieni jaribio hilo katika mtaa uliosongamana zaidi mjini. Sitashangaa mkikuta kwamba Bweni mashine imewapunguzia kazi kwa zaidi ya nusu, na kwamba mjini kusahihisha umbo moja kunachukua muda mrefu kuliko kulichora upya. Mkikuta hivyo, mtaa huo futeni mapendekezo yote na mchore kwa mkono.